Kompyuta ya CNC Ishike Muda, Isishike Mengi

Swali ni lile lile, hata muulizaji akibadilika. Fundi wa milango wa Pasua, Moshi, anasema mashine yake ya CNC, ile ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, inaanza vizuri, ila ikifika katikati ya kazi inahama, na ua lililochorwa katikati ya ubao linatokea pembeni. Mwingine yuko juu Machame, anachonga vipuri vya mashine za kumenya kahawa. Yeye kompyuta yake inaganda huku kisu kimezama ndani ya alumini. Wa tatu ana mashine iliyofanya kazi bila tatizo mwaka mzima, na tangu mvua za masika zianze inajizima yenyewe. Wote wanamalizia kwa neno moja: ninunue kompyuta gani yenye nguvu zaidi?

Mara nyingi jibu langu ni kwamba usinunue. Tatizo halipo kwenye nguvu. Lipo kwenye umeme wa karakana, waya wa ardhi, au kazi za pembeni ambazo kompyuta hiyo imetwishwa. Nimeandika haya kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ninaufuata ninapoitwa kwenye karakana yenye tatizo. Ufuate hivyo hivyo, usiruke kwenda kwenye sehemu inayokuvutia.

Kinu kimoja, michi miwili

Umewaona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja anashusha, mwingine anapandisha. Hawashindani kwa nguvu wala kwa kasi, wanapokezana kwa wakati. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana.

Kompyuta inayoendesha mota za hatua kupitia tundu la printa la zamani inafanya kazi ya namna hiyo. Inatuma mapigo ya umeme, na kila pigo ni hatua moja ndogo ya mota. Tuseme mota yako ina hatua 200 kwa mzunguko, daraiva imegawa kila hatua mara 8, na skrubu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Hapo unahitaji mapigo 320 kwa kila milimita. Programu ikituma mapigo 25,000 kwa sekunde, meza haiwezi kuzidi milimita 78 hivi kwa sekunde. Kompyuta ya miaka 15 iliyopita inaimudu hesabu hiyo bila taabu. Isichoweza kuvumilia ni kuitwa pembeni kufanya jambo jingine wakati zamu ya pigo imefika.

Mkoa wetu wa Kilimanjaro si mgeni wa mashine za chuma. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools pale Machame kilijengwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kwa msaada wa Bulgaria, ili kitengeneze mashine za karakana hapa hapa nchini. Kwenye mashine za zamani, za kuzungusha kwa gurudumu la mkono, fundi akihisi kisu kinalemewa anaulegeza mkono. Kompyuta haina mkono wa kuhisi. Kwenye mashine nyingi ndogo zinazoingia Moshi siku hizi, inahesabu mapigo iliyoyatuma na kuamini kwamba yote yamefika. Mota ikikwama au pigo likipotea, haitajua. Itaendelea kuchonga kwa utulivu kabisa, mahali pasipo penyewe.

Umeme kwanza

Kabla hujagusa mpangilio wowote wa kompyuta, chukua mita na upime soketi inayolisha mashine. Pima asubuhi, pima saa 7 mchana, pima tena saa 2 usiku majirani wakiwa wanapika na taa zote zinawaka. Fanya hivyo kwa siku tatu na uandike. Umeme wetu ni volti 230. Ukiona namba inashuka chini ya 207 spindeli ikiwa inafanya kazi, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza.

Sehemu nyingi za mjini utakuta karakana moja ina mashine ya CNC, randa, kompresa na mashine ya kuchomelea, zote kwenye laini moja. Mchomeleaji akigusa chuma, volti inazama kwa muda mfupi sana. Taa inapepesa tu, hakuna anayejali, lakini pawa saplai ya kompyuta imetikisika na daraiva za mota zimekosa nguvu kwa muda huo.

Hatua za kuchukua:

- Omba fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akutolee laini ya pekee kutoka kwenye bodi kuu hadi kwenye mashine ya CNC. Mchomeleaji na kompresa wasiiguse.
- Volti ikiwa inapanda na kushuka eneo zima, weka stebilaiza, na iwe kubwa kuliko mzigo wako. Spindeli ya kilowati 2.2 haifai kufungwa kwenye stebilaiza ya kVA 2. Tafuta ya kVA 5.
- Kompyuta iwe kwenye UPS yake. Spindeli isifungwe kwenye UPS hiyo hata siku moja.
- Kabla ya kuanza kazi ya saa 4, tazama uniti za LUKU. Nimeona kazi nzuri zikiharibika saa ya mwisho kwa sababu hiyo tu.
- Jenereta ndogo ya petroli isilishe kompyuta moja kwa moja. Volti yake inayumba kila mzigo unapobadilika.

Hapa kuna kosa linalowapata hata waliojitahidi. Mtu ananunua UPS, anaifunga kwenye kompyuta, anapumua. Umeme unakatika, kompyuta inaendelea kuwaka na kutuma mapigo, lakini mota na spindeli zimelala. Sekunde kumi baadaye umeme unarudi. Mota zinaamka na kuendelea kutoka zilipolala, wakati kompyuta inaamini meza iko mbali zaidi. Kazi imeharibika, na pengine kisu kimevunjika. UPS imeokoa kompyuta, haikuokoa ubao.

Dawa yake ni rilei ndogo ya volti 230 iliyofungwa kwenye laini ile ile ya mashine. Mguso wake uunganishwe kwenye saketi ya swichi ya dharura, ili umeme wa mashine ukikatika kompyuta ipate habari papo hapo na isimamishe programu. Fundi umeme anayejua paneli za mota ataifunga kwa muda mfupi. Ukishaifunga, ijaribu kwa kuzima breka ya mashine huku kisu kikiwa hewani. Programu isiposimama, bado hujamaliza.

Waya wa ardhi na kelele za umeme

Inveta inayozungusha spindeli inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kelele yake husafiri kwenye nyaya na hewani, ikaingia kwenye waya mwembamba wa swichi ya ukomo, na kompyuta ikadhani meza imegonga mwisho. Ndiyo maana mashine yako inasimama bila sababu. Kelele hiyo hiyo ikiingia kwenye kebo ya USB, mawasiliano yanakatika na programu inaganda.

Nyumba nyingi tunazopanga kwa karakana zina soketi ya matundu matatu, lakini tundu la ardhi halijaunganishwa popote. Usilisadiki kwa kulitazama. Mwite fundi alipime kwa kifaa cha kupimia ardhi. Wakati wa kiangazi udongo unakauka, na nondo ya ardhi iliyokuwa nzuri mwezi wa Aprili inaweza kuwa dhaifu mwezi wa Septemba.

Ukishakuwa na ardhi ya kweli:

- Fremu ya mashine, sanduku la inveta, sanduku la daraiva na kasha la kompyuta, kila kimoja kiwe na waya wake wa ardhi unaokwenda kwenye nati moja ya pamoja. Usiunge kimoja kwenye kingine kama shanga.
- Kebo ya spindeli ipite peke yake, mbali na nyaya za swichi na za mota kadiri inavyowezekana. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba.
- Nyaya za swichi ziwe na ganda la waya wa kusukwa, na ganda hilo liungwe kwenye ardhi upande mmoja tu, upande wa sanduku la udhibiti. Kwa kebo ya inveta, fuata kitabu cha inveta yenyewe.
- Kebo ya USB iwe fupi, mita moja na nusu inatosha, na iwe na kile kidonge cheusi cha feraiti. Usiirefushe kwa vipande.
- Swichi za ukomo ziwe za aina inayofunga saketi muda wote na kuifungua zinapoguswa. Waya ukikatika, mashine isimame yenyewe.

Usichomoe waya wa mota kwenye daraiva wakati umeme upo, hata kwa sekunde moja. Daraiva nyingi zimeungua kwa njia hiyo, na lawama wakatwishwa wauzaji.

Kuchagua kompyuta ya mtumba

Kama kweli kompyuta yako imechoka, usikimbilie mpya. Kompyuta ya mezani iliyotumika, ile ya maofisini, inafaa kuliko mpakato wa kisasa. Unapokwenda kuichukua, kagua haya kabla hujatoa fedha:

- Kama mashine yako inatumia tundu la printa, tundu hilo liwe kwenye madabodi yenyewe au kuwe na nafasi ya kadi yake. Adapta ya kugeuza USB kuwa tundu la printa haifai kwa CNC. Ilitengenezwa kwa ajili ya printa, haishiki muda.
- Fungua kasha utazame kapasita. Zikiwa zimevimba kichwa au zimetoa ute, iache.
- Washa, zima, chomoa plagi ukutani, subiri dakika chache, washa tena. Ikisahau saa na tarehe, betri ya madabodi imekwisha. Ni ya volti 3, inabadilishwa kirahisi, lakini ujue mapema.
- Diski ya kuzunguka ibadilishwe iwe SSD. Karakana inatikisika kutwa, na diski ya kuzunguka haipendi mtikisiko.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wachache wanalifanya, nami nawasihi mlifanye. Pakua LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine za CNC ambayo hutolewa bure, uiweke kwenye flashi na uende nayo dukani. Inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya muuzaji. Ndani yake kuna kipimo kinachoitwa latency-test, kinachoonyesha kompyuta inachelewa kiasi gani kuitika zamu yake. Kiache kikimbie dakika 15 au zaidi, huku wewe ukiisumbua kompyuta makusudi: fungua madirisha, nakili faili kubwa, chezesha picha. Kisha soma ucheleweshaji mkubwa kabisa ulioonekana.

- Chini ya nanosekunde 20,000: chukua, ni nzuri sana kwa kutuma mapigo yenyewe.
- Kati ya 30,000 na 50,000: itafanya kazi, ila mwendo wa juu utapungua.
- Zaidi ya 100,000: haifai kutuma mapigo yenyewe, hata iwe na prosesa ya bei gani.

Utashangaa. Kompyuta ya bei kubwa yenye kadi ya picha ya kifahari inaweza kushindwa kipimo hiki, na ile iliyochubuka rangi ikashinda.

Iondolee kazi zisizo zake

Kompyuta ya mashine ina kazi moja. Haipigi muziki karakanani, haifungui filamu mchana, haitumiki kuandika ankara. Michoro ichorewe kwenye kompyuta nyingine, na kinacholetwa kwenye mashine kiwe faili la mwisho tu.

Najua gharama ya ukaidi katika hili. Nilikuwa nachonga mlango wa mninga wa mteja wa Kibosho, kazi ya siku nzima, kwenye kompyuta ambayo pia niliitumia kupokea picha za wateja. Alasiri, programu ya kulinda virusi ikaanza kukagua diski kwa ratiba yake. Mapigo yakachelewa, mota ya upande mmoja ikapoteza hatua, na mstari wa mwisho wa nakshi ukapita juu ya ule wa kwanza. Ubao wa mninga wa upana ule haukupatikana tena kwa wiki tatu. Mteja alisubiri, lakini hakurudi kwa kazi nyingine.

Kwa kompyuta yoyote, ingia kwenye BIOS uzime:

- kupunguza kasi ya prosesa ili kuokoa umeme, pamoja na usingizi wa prosesa;
- kugawa kiini kimoja cha prosesa kionekane viwili;
- sauti, mtandao wa hewani, na kila kitu ambacho mashine haikitumii.

Kama unatumia Windows:

- Zima usingizi wa kompyuta, pazia la skrini, na kulala kwa matundu ya USB.
- Zima masasisho ya kujiendesha. Njia iliyo salama kuliko zote ni kutoiunganisha kabisa na intaneti.
- Ukitumia programu ya Mach3 kwa tundu la printa, kumbuka kiendeshi chake cha tundu hilo hakifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Watu wamehangaika wiki nzima kwa kutolijua hili.
- Anza na kasi ya mapigo ya 25,000, usipandishe mpaka kazi zitulie.

Kama unatumia LinuxCNC, kwenye kompyuta yenye viini viwili au zaidi, tenga kiini kimoja kwa kazi ya muda peke yake kwa neno isolcpus wakati wa kuwasha, kisha rudia kipimo cha latency-test. Badilisha jambo moja, pima, andika. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi limesaidia.

Pingamizi mnazonirudishia

*"Windows 7 ilishaachwa. Si hatari?"* Ni kweli, huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na ya XP ilikoma mapema zaidi, 2014. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti haifikiwi na virusi kwa njia hiyo. Njia iliyobaki ni flashi. Basi iwe na flashi yake ya pekee, yenye alama ya rangi, isiyokwenda stesheneri kuchapia karatasi. Flashi inayozunguka stesheneri za mjini huokota virusi, na kuviingiza kwenye mashine yako ni suala la siku.

*"Mwenzangu anatumia mpakato na hana shida."* Inategemea mashine yake. Kama ina bodi yake ya udhibiti inayohesabu mapigo, mathalani ya GRBL, mpakato unatuma mistari ya maelekezo tu na bodi ndiyo inayoshika muda. Hapo mpakato unaruhusiwa, kwa sharti la kebo fupi na kuzima usingizi. Lakini mpakato wa kutuma mapigo kwenye tundu la printa ni tatizo, kwa sababu ulijengwa uokoe betri, na hauachi tabia hiyo hata ukiuamuru.

*"Mashine yangu ina rimoti ya mkononi, haina kompyuta kabisa."* Basi ruka sehemu ya Windows. Sehemu za umeme, ardhi na vumbi zinakuhusu kama zilivyo.

*"Sina fedha ya UPS na stebilaiza kwa pamoja."* Anza na ardhi, kisha laini ya pekee, kisha UPS, mwisho stebilaiza. Hivyo viwili vya kwanza havina bei kubwa, navyo huondoa sehemu kubwa ya malalamiko ninayoletewa.

Ipime kabla ya kuipa mbao

Usiipime kwa kazi ya mteja. Funga daiyo geji mezani, ikae sifuri. Andika programu fupi ya kusogeza meza milimita 200 kwenda na kurudi, mara 100, kisu kikiwa hewani. Ikimaliza, soma geji. Rudia kwa kila upande wa mashine, kwanza spindeli ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inazunguka.

Majibu yanasema mengi:

- Inarudi sifuri spindeli ikiwa imezimwa, inakosea ikizunguka. Ni kelele za inveta. Rudi kwenye ardhi na ganda la waya.
- Inakosea kidogo kidogo, kila mara upande ule ule, na kosa linakua kadiri inavyogeuka. Mara nyingi ni mpangilio wa mapigo: alama ya pigo imewekwa kinyume, au daraiva haipewi muda wa kujua uelekeo kabla pigo halijafika. Inapoteza hatua moja kila inapogeuka.
- Inakosea kiasi kile kile bila kuongezeka. Ni ulegevu wa skrubu au nati. Kompyuta haina hatia.
- Inakosea ghafla, kwa kiasi kikubwa, kwenye mwendo wa kasi tu. Umezidisha mwendo au uchapuko. Punguza kwa robo, pima tena.
- Kazi fupi zinatoka sawa, ndefu zinaharibika. Gusa daraiva na pawa saplai kwa uangalifu, umeme ukiwa umezimwa. Ni joto, au ni skrubu ya puli inayolegea taratibu.
- Inakosea saa za jioni tu. Unazo zile namba za volti ulizoandika siku tatu. Zitazame.

Hilo la puli ninalisisitiza. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha kompyuta, nikaishia kukaza skrubu ndogo kwa ufunguo wa aleni.

Vumbi, ukungu na wadudu

Mjini na chini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, adui ni vumbi la kiangazi na unga wa mbao. Juu Machame, Kibosho na Marangu, adui ni unyevu. Alfajiri za Juni na Julai chuma kinalala baridi, na hewa yenye ukungu ikikigusa inaacha matone. Matone hayo yanakaa pia kwenye bodi za umeme.

- Kompyuta iwe kwenye sanduku lililofungwa, lenye feni inayosukuma hewa ndani kupitia chujio. Chujio lipigwe upepo kila wiki, na kila siku kama unachonga MDF.
- Kwenye miinuko, washa kompyuta nusu saa kabla ya kuwasha inveta na daraiva, ijipashe moto.
- Ukipuliza vumbi kwa kompresa, toa kwanza maji kwenye tangi lake, shikilia feni isizunguke, na ukae umbali wa mkono.
- Ziba matundu ya sanduku kwa wavu. Sisimizi na mijusi wanapenda joto la pawa saplai, na mjusi mmoja akilala juu ya nyaya mbili anatosha kuizima.
- Radi za masika hazisubiri. Ukisikia ngurumo, maliza mstari, chomoa plagi zote ukutani, pamoja na waya wa mtandao kama upo. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Usalama wa mikono yako

Swichi nyekundu ya dharura ikate umeme wa spindeli na wa daraiva kwa waya, kupitia kontakta. Isiwe inaiomba kompyuta tu isimamishe. Siku utakayoihitaji ndiyo siku kompyuta imeganda.

Kuna mpangilio wa kuwasha ambao wanafunzi wa karakana wafundishwe siku ya kwanza. Kompyuta inapowaka, nyaya za tundu la printa huwa hazijatulia, zinaweza kutoa ishara yoyote, na spindeli ikazunguka bila kuamriwa. Kwa hiyo:

1. Washa kompyuta, fungua programu, isubiri itulie.
2. Washa umeme wa mashine.
3. Ipeleke mashine nyumbani kwenye swichi zake za kuanzia.
4. Wakati wa kufunga, zima umeme wa mashine kwanza, kompyuta mwisho.

Bodi nyingi za katikati, zile zinazokaa kati ya kompyuta na daraiva, zina kinga inayosikiliza pigo la mfululizo kutoka kwenye programu; pigo likikoma, bodi inafunga mota zote. Mach3 na LinuxCNC zote zinaweza kulitoa pigo hilo. Iwashe kinga hiyo. Kijana aliyejifunza VETA ataifahamu ukimwonyesha mara moja, na anayejifunza karakanani kwako ana haki ya kuonyeshwa vile vile.

Nakala

Siku diski itakapokufa, programu utaipata tena. Usichokipata ni namba zako: mapigo kwa milimita, mwendo wa juu, uchapuko, miguu ipi ya tundu inaendesha nini. Kwenye Mach3 zimo ndani ya faili la XML la jina la mashine yako. LinuxCNC huziweka kwenye faili za INI na HAL. Kwenye GRBL andika alama ya dola mara mbili, orodha nzima itatokea, inakili.

Weka nakala kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani. Namba kuu ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, iingize kwenye mfuko wa plastiki na uibandike ndani ya mlango wa sanduku la umeme, ili atakayefungua siku ambayo wewe hupo azikute. Ifanye kazi hiyo leo jioni, kabla hujafunga karakana.